Je, Yampasa Muuzaji Kusema Alijualo?

Tumeletewa katika darsa yetu suali ambalo kwa nje ni la mchezo wa vijana, na kwa ndani ni la kila mtu aketiye dukani na mizani mbele yake. Baadhi ya waliohudhuria walicheka liliposomwa. Sisi hatukuliona la kuchekwa, kwani limewakosanisha vijana wawili, mtu na binamu yake, na wazee wao waliokuwa wakila sinia moja kila Idi sasa hawajuliani hali. Kwa hivyo tumeona tuliandike hapa pamoja na rai yetu, na mwenye rai iliyo bora kuliko hii asituonee haya.

Suali latoka Sio Port. Kwa msomaji wa Mombasa au Lamu asiyepajua, hiyo ni bandari ndogo ya Ziwa Viktoria katika nchi ya Wasamia, kusini ya mji wa Busia, pale Mto Sio umwagikapo ziwani. Uganda haiko mbali. Mto huo huo, kwa sehemu yake, ndio mpaka. Watu wa pale huishi kwa samaki na kwa kuvuka, na Msamia wa upande huu ana mjomba upande ule, na shilingi za namna mbili mfukoni.

Kijana wa kwanza ni mzaliwa wa hapo, naye hucheza mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, wa kampuni ya Blizzard iliyoko California, uliofunguliwa Novemba 2004. Mchezo huu mtu hauchezi peke yake. Maelfu ya watu huingia pamoja kwa njia ya intaneti katika nchi ya kubuni yenye milima, miji, masoko na mazimwi, na kila mmoja ana shujaa wake, ambaye hupanda daraja baada ya daraja kwa kadiri ya kazi aifanyayo, na huvaa silaha na mavazi ya vita aliyoyapata kwa jasho. Nasema kwa jasho, na msomaji asidhani nafanya mzaha. Zilikuwako ngome ambazo haziingiliki ila kwa watu arubaini waliopatana saa moja, usiku baada ya usiku, na adui mkubwa akianguka wakagawana vipande viwili vitatu vya mavazi kati yao wote. Mtu aliweza kungoja miezi apate kofia moja ya chuma.

Kila baada ya miaka michache kampuni hutoa nyongeza ya mchezo: nchi mpya, maadui wapya, na daraja za juu zaidi. Nyongeza ya kwanza ilitoka Januari 2007 kwa jina la The Burning Crusade. (Jina hilo halitufurahishi, na sababu yake haihitaji kuelezwa, lakini si mas'ala yetu leo.) Kabla yake daraja ya mwisho ilikuwa ya 60, baada yake ikawa ya 70. Na katika nchi ile mpya mchezaji yeyote, kwa kazi ndogo ndogo za siku za mwanzo, alipewa mavazi yaliyoyashinda mengi ya yale ambayo watu arubaini waliyapigania kwa miezi. Hapana aliyeibiwa kitu. Kofia ya chuma ilibaki kichwani mwa shujaa. Kilichoondoka ni faida ya kuivaa.

Agosti 2019 kampuni iliufungua tena mchezo wa zamani kama ulivyokuwa kabla ya nyongeza, na kijana wetu akaingia humo, akalipa ada ya kila mwezi, karibu dola 15, kutokana na kazi yake ya kutengeneza simu. Februari 2021 kampuni ikatangaza kwamba nyongeza ileile ya mwaka 2007 itarudishwa katika mchezo huo kabla mwaka haujaisha. Ikaja kweli, mwanzo wa Juni. Aliyetaka kubaki nyuma aliruhusiwa. Lakini kubaki katika mji ambao jirani zako wote wamehama ni kulinda magofu.

Sasa tazama tarehe. Katikati ya Mei 2021 kijana wa Sio Port alimuuzia mtoto wa shangazi yake, aliyeolewa Mombasa huyo shangazi, akaunti yake pamoja na shujaa wa daraja ya 60 aliyevaa mavazi kamili. Bei shilingi 18,000, zikapita kwa M-Pesa. Wiki tatu hazikutimia, nyongeza ikafika, na watu walioanza juzi wakawa wavaa vizuri kuliko shujaa aliyenunuliwa.

Mnunuzi akasema, “Ulijua, ndugu yangu, na hukuniambia.” Muuzaji akajibu, “Nilijua, na kila mchezaji alijua. Khabari ilitangazwa waziwazi. Hukuniuliza. Sikukwambia uongo hata neno moja, na nilichokueleza ndicho nilichokukabidhi.” Ndipo maneno yalipowafikia wazee.

Wako watakaosema kwamba hapana mas'ala hapa, kwani kilichouzwa si kitu: ni kivuli kwenye kioo, na aliyeuza kivuli na aliyenunua kivuli wote wawili wana lao. Mimi sioni hivyo. Katika nchi ya Uholanzi, mwaka 2007, mtoto wa miaka 13 alipigwa na kutishwa kwa kisu na vijana wawili mpaka akawahamishia hirizi na kinyago alivyokuwa navyo katika mchezo mwingine wa namna hii, RuneScape. Hoja hii ya kivuli ilitolewa mahkamani. Mahkama ya juu kabisa ya nchi ile ikahukumu tarehe 31 Januari 2012 kwamba ule ni wizi, kwa kuwa vitu vile vilikuwa na thamani kwa mtoto kwa sababu ya wakti na juhudi alizozitia, na vilikuwa katika mamlaka yake vikatolewa. Na huyo mzee wa kivuli naye atazame mfukoni mwake. Tangu Machi 2007, miezi miwili baada ya nyongeza ile ya kwanza, pesa za Kenya zapita kwa simu, naye hajaziita kivuli siku yoyote. Najua kwamba nyuma ya pesa za simu iko amana iliyowekwa benki, na nyuma ya kofia ya shujaa hapana kitu. Tofauti hiyo naikubali, lakini yahusu usalama wa mali, haihusu kuwako kwake.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi. Mkataba wa kampuni wasema kwamba akaunti si milki ya mchezaji. Yeye amepewa ruhusa ya kuitumia tu, na kuiuza amekatazwa. Basi aliyeiuza ameuza kisicho chake, bei imebatilika, pesa zirudi. Hukumu hiyo ni sawa. Lakini sitaki tutokee kwa mlango huu, kwani tukitokea hapa muuzaji atakwenda zake akiamini kwamba kosa lake lilikuwa ni karatasi ambayo yeye wala mwenzake hawakuisoma. Kesho atauza injini ya mashua kwa kunyamaza kulekule, na injini ni yake, na karatasi hapana. Na sisi tutakuwa tumemfundisha nini?

Basi tumsikilize kwa insafu, kwani hoja yake si dhaifu. Biashara yote husimama juu ya mmoja kujua na mwingine kutojua. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa omena wa Sio Port hutoka na taa, samaki hukusanyika penye mwanga, na alfajiri mashua hurudi. Wanawake hununua, wakaanika juu ya nyavu kuukuu, na jua likiwa kali siku hiyo hiyo omena hukauka. Mvua ikinyesha katikati, chakula cha watu kikawa chakula cha kuku. Mwenye gari la Busia hufika na simu mkononi. Ameshajua bei ya Kisumu na bei ya ng'ambo, na huenda yule mama mwenye omena hajui. Lakini yeye ametumia mafuta, ametumia vocha, amekesha njiani. Je, tumwambie kila anunuapo atangaze kwanza bei ya Kisumu? Tukimlazimisha hivyo, hatakuja tena, na omena itabaki juu ya nyavu mpaka mvua iikute.

Walakini wanazuoni waliutia mpaka uhuru huu kabla ya simu na kabla ya magari. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa kabla wenye bidhaa hawajafika sokoni, na katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye bidhaa akifika sokoni akaona kuwa amepunjwa, ana khiyari ya kuivunja bei. Aliyekwenda kuwalaki huenda hakusema uongo wowote. Hata hivyo bei yake yaweza kuvunjwa, kwa kuwa aliwakuta mahali ambapo hawakuwa na wa kumuuliza. Mama wa Sio Port ana simu, ana jirani, ana wanunuzi wengine watatu pwani ya ziwa, na aweza kukataa mpaka jioni. Huyo hajalakiwa njiani.

Na kabla ya hapo Warumi nao walilipima suali hili. Cicero, katika kitabu chake juu ya mambo yampasayo mtu, aleta mfano wa tajiri aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria wakti wa njaa, naye ajua kwamba majahazi mengine yako baharini yaja. Aseme, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Awataja wanafalsafa wawili waliokhitilafiana: Diogenes wa Babeli, aliyeona kwamba kunyamaza si kuficha, na Antipater, mwanafunzi wake, aliyeona kwamba mnunuzi asifichwe alijualo muuzaji. Cicero mwenyewe alikuwa upande wa Antipater. Mimi katika nafaka ya Rhodes naweza kumsikiliza Diogenes kidogo, kwa sababu moja: mkate ni mkate. Majahazi yakifika kesho, aliyenunua ghali leo atakuwa amekula akashiba. Amepoteza fedha, hakupoteza chakula.

Kofia ya chuma ya Mei 2021 si mkate. Kinachoondoka hapo si bei peke yake. Yaondoka na kazi ambayo kwayo kitu kilinunuliwa. Kwa hiyo ulinganisho wake ni gunia la omena lililokauka juu na kuloa chini. Ni mashuhuri khabari ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta umaji ndani. Mwenye chakula akatoa udhuru kwamba ni mvua. Naye kwa kweli hakuiteremsha yeye mvua! Akalaumiwa kwa jambo jingine kabisa: kwamba hakukiweka kilicholoa juu, watu wakakiona.

Muuzaji wetu atasema kwamba gunia lake halikuwa limeloa siku ile alipouza. Lililoa baada ya wiki mbili. Hapa ndipo palipotupa kazi katika darsa, na mmoja wa wanafunzi ndiye aliyetutoa, kwa mfano wa noti. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangazwa nchini Kenya kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kuwa fedha itakapofika tarehe 1 Oktoba. Magazeti yaliandika, redio zilisema, miezi minne mizima. Bado Benki Kuu ilihesabu baadaye noti 7,386,000 ambazo hazikurudishwa, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7.3 zilizogeuka makaratasi. Basi chukulia mtu wa Sio Port jioni ya tarehe 30 Septemba avuka ng'ambo kwa mvuvi asiyesikiliza redio ya Kenya, anunua mbuta, na amlipa kwa noti tano za zamani. Noti zile ni halali mpaka usiku wa manane. Hazina aibu hata moja. Hakusema uongo. Khabari ilikuwa wazi kwa ulimwengu mzima. Na yule mvuvi hakuuliza. Hoja zote nne za kijana wetu zimo humu, moja moja, na darsa nzima watu zaidi ya ishirini hapana hata mmoja aliyekubali kumwita mtu huyo mwaminifu.

Ni kitu gani basi kilichomtia hatiani, ikiwa kila neno alilosema lilikuwa la kweli? Jawabu ninaloliona ni hili. Alizitoa zile noti kwa sababu ya khabari aliyokuwa nayo, na mvuvi alizipokea kwa sababu ya kutokuwa nayo. Khabari moja hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma mmoja kutoa, na ndiyo ambayo ingalimzuia mwingine kupokea. Ikiwa hivyo, kunyamaza hakuwi tena kutosema. Kumekuwa ndicho chombo cha biashara yenyewe. Kiondoe, biashara haiko. Mwenye gari la Busia akitaja bei ya Kisumu, bado atanunua omena, kwa bei ya juu kidogo, kwani mama yule yuataka kuuza na yeye yuataka kununua. Mwenye noti akitaja tarehe, hapana kitakachouzwa. Na kijana wa Sio Port angalimwambia binamu yake, “Mwanzo wa mwezi ujao yaja nyongeza, na mavazi haya yatakuwa si kitu,” je, zile 18,000 zingalipita? Ajiulize mwenyewe. Tulimpelekea suali hili kwa simu naye hakutujibu, na sisi twamsifu kwa kutojibu, kwani angaliweza kusema ndiyo.

Mtu aweza kutuambia kwamba kwa kanuni hii hapana atakayeuza chochote, maana kila auzaye huuza kwa kudhani kwamba bei itashuka. La. Dhana si khabari. Mwenye mahindi adhani mvua itakuwa njema na bei itashuka, mnunuzi adhani kinyume chake, na kila mmoja amesimama juu ya dhana yake. Hilo halina lawama. Nyongeza haikuwa dhana. Ilikwisha tangazwa na wenye mchezo, na zaidi ya hayo ilikwisha tokea miaka kumi na minne nyuma, watu wakaona kwa macho ni mavazi gani yatashindwa. Ni nadra sana katika dunia mtu kujua ya kesho kwa yakini namna hiyo.

Na kuhusu kwamba khabari ilikuwa wazi, tuulize: wazi kwa nani? Ilikuwa wazi kwa anayejua pa kuitafuta. Mnunuzi alikuwa mgeni wa mchezo. Ndiyo maana akanunua shujaa aliyekwisha kukomaa badala ya kuanza chini. Siku mbili kabla ya kulipa alimwandikia binamu yake kumuuliza aanze na ngome ipi atakapopata kundi la watu, pengine mwezi wa Julai. Akajibiwa aanze na iliyo nyepesi. Mwenye kuuliza ya Julai amekwisha kueleza kwamba hajui ya Juni, na mwenye kumjibu amekwisha kufahamu. Tangu jibu lile, kusema “hukuniuliza” ni maneno matupu.

Iko lawama vile vile ambayo baadhi yetu wangependa kuitupa kwa kampuni, kwamba yauza taabu ya watu kisha yaifanya rahisi. Sina mengi ya kusema juu yake. Kampuni ilitangaza mapema na haikuahidi kwamba kofia itadumu. Wazee wa mpakani wameona makubwa kuliko hayo: Mei 1987 Uganda ilibadili fedha yake, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa, mwenye akiba ya maisha akalala tajiri akaamka wa kawaida. Lakini jambo lile liliwapata wote kwa pamoja, kutoka juu. La Sio Port ni la ndugu kuliona tufani laja akampisha nduguye chini ya mti.

Kijana ana haja yake, na haja hiyo twaiheshimu. Zile pesa zililipa ada ya shule ya dada yake mdogo, na shule zilikuwa zimefunguliwa mwezi huo huo. Lau angalisema, “Ndugu yangu, nina haja ya 18,000,” pengine angalipewa mkopo, na pengine asingalipewa. Haja haimpi mtu ruhusa ya kuichagulia mali ya mwenziwe njia ya kutokea.

Kwa hivyo rai yetu ni kwamba pesa zirudi zote, kwa sababu mbili zilizotangulia, ya mkataba na ya kunyamaza, na ya pili ndiyo tuliyotaka aisikie. Kwa kuwa zimekwisha tumika, na alipe kidogo kidogo, shilingi 1,500 kwa mwezi au vile watakavyopatana, na mnunuzi asimhimize. Siku chache alizocheza zisihesabiwe. Mnunuzi naye hakosi sehemu yake, kwani alijua au aliweza kujua kwamba akaunti haiuzwi, na kwa hilo asidai zaidi ya alichotoa wala asieneze khabari hii mjini kwa kumtia mwenziwe aibu. Wazee wasingoje mpaka deni limalizike ndipo wajuliane hali. Na akaunti irudi Sio Port siku ileile itakapolipwa sehemu ya kwanza, pamoja na neno la siri, ambalo twasikia mnunuzi amekwisha kulibadilisha.